Kipaji cha mtoto mwenye usonji: Nilichokiona London na Bradford

Ukitoka Trafalgar Square, katikati ya jiji la London, ukaifuata barabara ya Pall Mall, ni rahisi kuupita uchochoro huu bila kuuona. Unaitwa Royal Opera Arcade. Ni njia nyembamba iliyoezekwa juu, iliyojengwa kati ya mwaka 1816 na 1818, na ndiyo kongwe kuliko zote za aina yake jijini humo. Maduka yake ni madogo, madirisha yamebinuka kwa nje, na mwanga unashuka kutoka juu kupitia vioo vya mviringo.

Nilifika hapo mchana mmoja wa Januari mwaka huu. Nje baridi ilikuwa kali na watu walitembea haraka wameinamisha vichwa. Ndani ya uchochoro palikuwa kimya, kiasi kwamba unamsikia mtu anayekuja kwa mlio wa viatu vyake.

Namba 5 haiuzi nguo wala vitabu. Ni nyumba ya sanaa ya mtu mmoja, Stephen Wiltshire. Humo kuna michoro ya majiji: mto Thames na madaraja yake, maghorofa ya New York, makanisa, vituo vya treni. Mingi imechorwa kwa kalamu ya wino mweusi, dirisha kwa dirisha, nguzo kwa nguzo. Nilijaribu kuhesabu madirisha ya jengo moja tu nikapotea katikati.

Huenda wewe msomaji umeshamwona bila kulijua jina lake. Ni yule mwanaume mweusi wa kwenye video zinazozunguka WhatsApp kila ifikapo Aprili. Anapandishwa helikopta, anazungushwa juu ya jiji kwa dakika chache, kisha anashuka na kulichora jiji zima kwa kumbukumbu.

Stephen alizaliwa London Aprili 1974, wazazi wake wakiwa wametoka visiwa vya Karibi. Alikuwa mtoto asiyeongea. Akiwa na miaka mitatu aligundulika kuwa na usonji, na mwaka huohuo baba yake akafariki kwa ajali ya pikipiki. Mama alibaki kumlea yeye na dada yake.

Alipelekwa Queensmill, shule ya London ya watoto wenye mahitaji maalumu. Walimu wake wakaona kuwa mtoto huyu aliyekwepa watu alikuwa akizungumza kwa kuchora. Wakabuni mbinu. Walimnyima vifaa vya kuchorea kwa muda ili alazimike kuomba. Neno lake la kwanza kusikika likawa "karatasi". Kuzungumza vizuri kulimchukua mpaka umri wa miaka tisa hivi.

Mwaka 1987, akiwa bado mtoto, BBC ilimwonyesha katika kipindi cha televisheni, na msanifu majengo mashuhuri Sir Hugh Casson akasema huenda ndiye mtoto mchoraji bora kuliko wote Uingereza. Mwaka 2005 aliichora Tokyo kwenye turubai la urefu wa mita 10 baada ya kuruka juu yake kwa muda mfupi. Mwaka 2009 aliichora New York baada ya dakika 20 za helikopta. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya MBE kwa mchango wake katika sanaa, na mwaka huohuo akafungua nyumba hii ya Pall Mall.

Kuingia ni bure. Nilikaa humo karibu saa nzima, lakini sikuwa nimesafiri kwenda kustaajabu tu. Nilikuwa na swali.

Swali la mama wa Temeke

Mimi huandika habari za afya. Kila mwaka inapokaribia Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya usonji, huwa naandika makala, na makala ikitoka simu huanza kuingia. Wengi wanaopiga ni akina mama.

Mmoja wao anaishi Temeke, jijini Dar es Salaam. Mwanawe wa kiume ana miaka minane na haongei. Ndugu alimtumia ile video ya helikopta, na chini yake akaandika kwamba kila mtoto mwenye usonji ana kipaji kikubwa kilichofichika, kazi ya mzazi ni kukitafuta. Mama akajinyima. Akanunua penseli za rangi, madaftari ya kuchorea, hata piano ndogo ya betri. Mtoto hakuchora. Aliyachana madaftari yote vipande virefu virefu, akavipanga sakafuni, akavikusanya, akavipanga tena.

"Dada mwandishi," aliniuliza, "sasa huyu wangu Mungu kampa nini?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, na nyuma ya swali kulikuwa na uchovu. Watu walimpa tumaini lenye sharti: mtoto wako ana thamani, tafuta kitu cha kuithibitisha. Asipokiona, lawama inamrudia yeye, kwamba hakutafuta vya kutosha.

Takwimu zenyewe haziko upande wa ile video. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mtafiti wa Marekani Bernard Rimland, ambaye naye alikuwa baba wa kijana mwenye usonji, alichapisha mwaka 1978 majibu ya maelfu ya wazazi, na takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyetajwa kuwa na uwezo wa pekee, iwe katika hesabu, muziki, kumbukumbu au kuchora. Tafiti za baadaye zimetoa viwango tofauti, vingine vya juu zaidi. Lakini wanaofikia kiwango cha Stephen Wiltshire ni wachache sana, kama walivyo wachache wachoraji wa kiwango hicho miongoni mwetu wengine.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo mafupi Uingereza, siku zilizobaki nilizitumia kutembelea mahali ambapo watu hawa wametokea. Nilitaka kuona walizungukwa na nini.

Basi namba 12 hadi Camberwell

Shangazi yangu amekaa London zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake ni kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani mwao. Siku yake ya mapumziko alikubali kunizungusha, kwa masharti kwamba nivae soksi mbili na nisimlazimishe kupanda treni za chini ya ardhi.

Tulipanda basi jekundu namba 12 Trafalgar Square, tukakaa ghorofa ya juu, mbele kabisa. Linapita karibu na Bunge, linavuka daraja la Westminster, linazunguka Elephant and Castle, kisha linaingia Walworth Road. Hapo London inabadilika. Maduka yanauza ndizi za kupika, viazi vikuu, nywele za kusuka na vitenge. Tulishuka Camberwell Green, tukapanda mlima kwa miguu hadi Denmark Hill, ambako hospitali mbili kubwa, King's College na Maudsley ya magonjwa ya akili, zinatazamana barabarani.

Hapo hakuna jumba la makumbusho ya usonji, na mpita njia asingejua kwamba mtaa huu umebadilisha jinsi dunia inavyowatazama watoto hawa.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 waliokuwa wakijitenga, wakipenda mambo yaende vilevile kila siku, wengine wasioongea. Aliita hali hiyo usonji. Kwa miaka mingi iliyofuata, wataalamu wengi wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba chanzo ni wazazi, hasa mama, kwamba hana upendo, ana ubaridi, ndiyo maana mtoto amejifungia ndani yake.

Lorna Wing alikuwa daktari wa magonjwa ya akili London. Alikuwa pia mama wa binti mwenye usonji, Susie. Alijua kwamba habari ya mama mwenye ubaridi haikumhusu. Mwaka 1962 wazazi wenye watoto kama wake waliungana jijini humo na kuanzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Baadaye Wing na mwenzake Judith Gould waliwafuatilia watoto wa eneo hili la Camberwell, matokeo yakachapishwa mwaka 1979. Waliofanana kabisa na watoto wa Kanner walikuwa takriban 5 kati ya 10,000. Lakini wenye ugumu uleule wa kuchangamana na watu na kuwasiliana, kwa viwango tofauti, walikuwa takriban 20. Ndipo ukakua uelewa tunaoutumia leo, kwamba usonji una wigo mpana: mmoja ni profesa asiyependa kelele, mwingine hataongea maisha yake yote na atahitaji kuvalishwa nguo.

Nilimsimulia shangazi haya tukiwa tumesimama mbele ya geti la Maudsley, mikono mifukoni.

"Kumbe na huku walisema ni mama?" aliuliza.

"Walisema, shangazi. Tena kwenye vitabu vya udaktari."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Sisi tukasema karogwa, au mama alivunja mwiko akiwa na mimba. Wao wakasema mama hana mapenzi. Mwanangu, kote huko mshtakiwa ni mmoja."

Leo wataalamu wanajua kuwa usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, na kwamba vinasaba vina nafasi kubwa. Hausababishwi na malezi, wala chanjo, wala laana.

Kanisa dogo la Clapham

Kutoka Camberwell tulipanda basi namba 345, tukapitia Brixton hadi Clapham. Katika mtaa mfupi uitwao Nelsons Row kuna jengo la matofali lililokuwa nyumba ya ibada, sasa linaitwa Studio Voltaire. Ni mahali pa wasanii, lina ukumbi wa maonyesho na karakana. Humo ndimo yanamofanyika baadhi ya mambo ya ActionSpace, taasisi inayowasaidia wasanii wenye ulemavu wa kujifunza, yaani ule ambao kwetu wengi huuita ulemavu wa akili.

Msanii mmoja wa ActionSpace anaitwa Nnena Kalu. Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1966, wazazi wake wakiwa Wanigeria. Ana usonji, ana ulemavu wa kujifunza, na maneno anayotumia ni machache sana. Desemba 9, 2025, alishinda Turner Prize, tuzo maarufu kuliko zote za sanaa ya kisasa Uingereza, yenye zawadi ya pauni 25,000. Ndiye msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa kujifunza kuipata.

Kazi zake hazifanani hata kidogo na za Stephen Wiltshire. Hachori jengo ukalitambua. Huchukua kamba, kanda za video za zamani, nailoni, nyavu, vitambaa na selotepu, akafunga, akazungushia, akafunga tena, mpaka kitu kinavimba kama kiota au mzinga mkubwa wa rangi. Kwenye karatasi huzungusha mkono, duara juu ya duara, mpaka panatokea kama kimbunga. Mara nyingi humaliza moja, kisha huanza nyingine pembeni yake kwa miondoko ileile.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza niliwaza vipande vya karatasi vilivyopangwa sakafuni Temeke. Sisemi kwamba yule mtoto ni Nnena Kalu. Ninasema tu kwamba kama Nnena angepewa penseli na daftari peke yake, akatarajiwa achore nyumba na mti, angeonekana hana kitu.

Amekuwa na ActionSpace tangu mwaka 1999. Kwa muda mrefu amefanya kazi na msaidizi wake, Charlotte Hollinshead, ambaye kazi yake ni kuandaa vifaa, kukaa karibu na kujifunza msanii anataka nini pale ambapo hasemi. Usiku wa tuzo, Hollinshead ndiye aliyezungumza kwa niaba yake. Alikumbusha kwamba walipoanza, ulimwengu wa sanaa haukuwa na habari na Nnena wala haukuiheshimu kazi yake. Kutoka 1999 hadi 2025 ni miaka 26.

Hatukuingia karakana zenyewe. Ni mahali pa watu kufanya kazi, si pa kwenda kuwatazama. Tulisimama nje, nikaanza kumweleza shangazi kwa msisimko jinsi ninavyodhani nimepata jibu, kwamba siri ni mtu wa kukaa na mtoto.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama anayekaa na Nnena analipwa?"

"Analipwa. Ni kazi yake, taasisi ina wafadhili."

"Na huyo wa Temeke, anayekaa na mwanawe, analipwa na nani?"

Nikanyamaza.

"Mimi hapa nalipwa kukaa na mtu mmoja saa nane," aliendelea. "Nikitoka anaingia mwenzangu. Kwetu mama anaingia zamu siku anapojifungua, na wa kumpokea hana. Ukiandika waambie akae na mtoto, utakuwa umemwongezea mzigo. Andika nani ampokee."

Treni ya kaskazini

Kazi zilizomshindania Nnena zilikuwa bado zinaonyeshwa Bradford, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliokuwa Mji wa Utamaduni wa nchi hiyo kwa mwaka 2025. Shangazi alikuwa kazini, nikaenda peke yangu. Nilipanda treni King's Cross kwenda Leeds, safari ya saa mbili na kidogo, kisha treni nyingine ya dakika kama ishirini.

Njiani treni inapita mkoa wa Nottinghamshire. Dirishani ni mashamba tu na kondoo, lakini ukifuatilia habari za usonji na uchoraji huwezi kupita hapo bila kumkumbuka Nadia.

Nadia alikuwa mtoto wa mji wa Nottingham. Akiwa na miaka mitatu na nusu hivi, akiwa karibu haongei kabisa, alianza kuchora farasi wanaokimbia kwa ustadi ambao watu wazima wengi hawana. Mwanasaikolojia Lorna Selfe aliandika kitabu kumhusu mwaka 1977, na wataalamu wakabishana kwa miaka mingi. Kisha uwezo ule ukafifia. Nadia alipokua, akajifunza maneno kadhaa, ile michoro ya ajabu ikakoma. Baadhi ya watu waliona huo ni msiba, kana kwamba mtoto alipoteza kitu pekee kilichomfanya astahili kuandikwa.

Hapo ndipo hatari ya ile video inapoonekana wazi. Tukimpenda mtoto kwa sababu ya farasi anaowachora, siku farasi wakiisha tutafanya nini? Nadia alikuwa mtu kabla ya kuchora, na alibaki mtu baada ya hapo, mwenye kuhitaji chakula, usalama na watu wanaomfahamu.

Ukumbi wa mfanyabiashara wa nguo

Bradford ni mji wa mawe yaliyoungua kwa moshi wa viwanda. Katika karne ya 19 ulitajirika kwa sufi. Kutoka stesheni ya Forster Square nilitembea kama nusu saa kwa kupanda, nikapita maduka ya sari na vitafunwa vya Kipakistani ambavyo harufu yake ingemtoa machozi mtu yeyote wa Kariakoo. Bomba refu la kiwanda cha zamani cha Lister huonekana ukiwa mbali.

Samuel Lister, mwenye kiwanda hicho cha hariri na mahameli, ndiye aliyechangia kujengwa kwa Cartwright Hall, jumba la sanaa lililo katikati ya bustani ya Lister Park. Lilifunguliwa mwaka 1904, na limepewa jina la Edmund Cartwright, mvumbuzi wa mashine ya kufuma. Nilifurahi kwamba kazi za mtu anayefunga na kuzungushia nyuzi ziliwekwa katika jumba lililojengwa kwa fedha za nyuzi.

Nnena alikuwa mmoja wa wasanii wanne walioshindania tuzo, pamoja na Rene Matić, Mohammed Sami na Zadie Xa. Katika chumba chake, vitu vikubwa vya rangi vilining'inia kutoka juu. Ukisogea unaona utepe wa video unavyong'aa chini ya nailoni, kamba inavyoingia na kutoka, selotepu juu ya selotepu. Hakuna sehemu iliyofungwa kwa kubahatisha. Ukutani ilikuwapo michoro yake ya vimbunga, ikiwa imepangwa pamoja kama ndugu waliozaliwa tumbo moja. Ukitazama mmoja kisha mwenzake, unaona mkono uleule umerudi njia ileile, na bado haifanani.

Nilikuwa nimekwenda nikiwa na wasiwasi, nakiri, kwamba huenda tuzo ilitolewa kwa huruma. Baadhi ya watu Uingereza waliuliza hivyo hivyo waziwazi. Majaji walijibu kwamba waliangalia ubora wa kazi. Baada ya kusimama chumbani humo nusu saa niliacha kufikiria huruma. Nilifikiria mikono inayojua inachofanya.

Kisha ikaingia familia moja, baba, mama na mvulana wa miaka kama kumi aliyevaa vile vizuia kelele vikubwa vya masikioni. Mvulana alizunguka mara moja, akapiga makofi kwa haraka karibu na uso wake, kisha akalala chali sakafuni, katikati ya chumba, akitazama juu. Nilimwona mama akimtazama mlinzi wa ukumbi. Ni mtazamo ninaoujua, nimeuona kwenye daladala, kanisani na kwenye foleni za kliniki: wa mzazi anayejiandaa kuomba radhi.

Mlinzi alisogea hatua mbili pembeni ili asimkanyage, akaendelea kusimama. Watu wengine wakapita kwa kuzunguka. Mvulana alilala hapo dakika tano, sita. Baba akaketi sakafuni karibu naye, mama akaenda kutazama michoro ukutani, peke yake, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Nani atampokea mama

Maonyesho ya Bradford yalifungwa Februari 22. Nyumba ya Pall Mall ipo, na mwenye ndugu London anaweza kumwomba ampeleke. Lakini wengi wetu tuko nyumbani na watoto wetu, na Aprili 2 ikifika, ile video itazunguka tena. Ninaomba tuiangalie kwa macho mengine.

Kwanza, ikiwa mtoto amefikisha mwaka mmoja na haitiki jina lake, haonyeshi vitu kwa kidole, hatazami watu usoni, au alikuwa na maneno kisha yakapotea, apelekwe kliniki ya watoto na mzazi aombe rufaa kwa mtaalamu wa ukuaji wa watoto. Asisubiri kwa kuambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kuongea. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayeuza dawa hiyo anadanganya. Kuna mazoezi ya mawasiliano na ya shughuli za kila siku, na yakianza mapema humsaidia mtoto sana.

Pili, mpe mtoto vitu, si mtihani. Kamba, vifuniko vya chupa, mchanga, udongo, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, karatasi za kuchana. Angalia anarudia nini na nini kinamtuliza. Hakikisha tu hakuna kinachoweza kumkaba au kumkata. Ikitokea sanaa, vema. Isipotokea, umeshamjua mtoto wako zaidi ya jana, na yeye amepata saa moja ya raha.

Tatu, na hili ni la shangazi, siwahutubii akina mama. Nawahutubia akina baba, wajomba, mashangazi, bibi na babu, na majirani waliomtumia mama video wakaona wametimiza wajibu. Chagueni siku moja ya wiki. Nendeni mkakae na mtoto saa mbili, mkijua anakula nini, anaogopa kelele gani, anapenda kupanga nini. Mama aende sokoni bila haraka, au alale.

Shule na halmashauri nazo zina sehemu yao. Stephen hakufundishwa neno "karatasi" na mama peke yake. Alikuwa na walimu wanaolipwa na darasa lenye vifaa. Nnena hakukaa miaka 26 karakanani kwa fedha za familia. Mtoto wa Temeke naye anahitaji darasa, mwalimu aliyesomea kazi hiyo na usafiri wa kumfikisha, hata kama hatachora kamwe mstari mmoja ulionyooka.